Narudi lini sijui: nikate tiketi gani?

Barua nyingi za mwezi huu zina shida moja. Siku ya kwenda inajulikana, ya kurudi iko mikononi mwa daktari, mtoto ambaye hajazaliwa au mzee aliyelala kitandani. Tumejibu sita. Bei tulizozitaja ni za mfano, za kukusaidia kupiga hesabu. Bei halisi muulize wakala siku unayokata.

Nampeleka baba Chennai kufanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Hospitali imeandika "wiki mbili hadi nne". Wakala ana tiketi ya dola 620 na nyingine ya dola 760, na zote anasema zinabadilika. Si bora nichukue ya bei ndogo? – Msomaji, Kinondoni

Pole sana kwa kuuguza.

Neno "inabadilika" peke yake halikusaidii kitu. Tiketi nyingi zinabadilika. La kujua ni kwa shilingi ngapi, mara ngapi na mpaka lini. Mwombe wakala afungue masharti ya nauli kwenye kompyuta yake akusomee mambo manne: ada ya kubadilisha kabla safari haijaanza, ada ya kubadilisha mkishaondoka, adhabu ya abiria asiyetokea uwanjani, na muda mrefu zaidi mnaoruhusiwa kukaa. Akutumie kwa WhatsApp au akuandikie, asikuambie kwa mdomo tu. Siku ya kugombana atakuwa na zamu mtu mwingine.

Sasa hesabu. Tuseme ya dola 620 inatozwa dola 120 kila mnapobadilisha, na ya dola 760 haina ada. Mkibadilisha mara moja, ya kwanza imefika dola 740, bado ni nafuu kidogo. Mkibadilisha mara ya pili imefika 860, na mmeshapitwa kwa dola 100. Ada hutozwa kwa kila abiria, kwa hiyo wewe na baba kwa mabadiliko mawili mtatoa dola 480 za ada tupu. Kwa upasuaji wa moyo msijipange kwa badiliko moja. Vipimo vya awali vinaweza kusogeza siku ya upasuaji, halafu daktari akataka kumwona tena mgonjwa wiki moja baada ya kutoka wodini. Sisi tungekata ya 760 bila kusita.

Hata hivyo, kutokuwa na ada si kubadilisha bure. Viti vya daraja la kawaida ndani ya ndege moja vimegawanywa kwa herufi, na kila herufi ina bei yake, ingawa kiti ni kilekile na chakula kilekile. Tuseme tiketi yenu imekatwa kwa herufi Q. Ikiwa siku mpya mnayoitaka Q imeisha na iliyobaki ni M, mtalipa tofauti ya nauli. Anayepiga simu leo akitaka kuruka kesho hukuta herufi za bei ndogo zimekwisha. Anayepiga siku kumi kabla anaweza asiongeze hata senti. Kwa hiyo daktari akitamka tu tarehe ya kumruhusu baba, piga simu siku hiyohiyo. Usisubiri mpaka mkabidhiwe karatasi za hospitali.

Tarehe ya kurudi msiandike siku ya 14. Andikeni ya 30 au inayokaribia hapo. Kurudisha tarehe nyuma hufanywa mgonjwa akiwa amepona na nyinyi mmetulia. Kuisogeza mbele mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa ICU, na hapo hakuna anayekumbuka tiketi mpaka ndege imeshaondoka. Ndege ikiondoka na jina lenu limo ndani, mnaingia kwenye adhabu ya kutokutokea, ambayo kwa tiketi nyingi ni kubwa kuliko ada ya kubadilisha, na kwa nyingine hufuta thamani yote iliyobaki. Masharti hutaja saa za mwisho za kutoa taarifa. Ziandike saa hizo kwenye simu yako na pia kwenye simu ya ndugu aliyebaki nyumbani, ili naye aweze kupiga.

Ziangalieni pia siku za viza. Viza ya matibabu ya mtandaoni ya India hutoa siku 60 tangu mnapoingia mara ya kwanza, na anayemsindikiza mgonjwa ana viza yake mwenyewe ya msindikizaji. Mkiona siku hazitatosha, nendeni ofisi ya uhamiaji ya wageni, FRRO, kabla hazijaisha, mkiwa na barua ya hospitali. Hospitali kubwa zina dawati la wagonjwa wa kigeni linalosaidia kuandaa maombi hayo.

Mwisho ni mwili wenyewe. Baada ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, kiwango cha chini kinachotumika sana kabla ya kuruka ni siku 10, kama hakuna tatizo lolote, na daktari anaweza kuongeza. Shirika la ndege litataka fomu ya afya iitwayo MEDIF, iliyojazwa na daktari anayemtibu, na mara nyingi hutaka kuipata saa 48 au zaidi kabla ya safari. Msiijaze mapema mno, kwa sababu wanataka hali ya mgonjwa ya siku hizo. Kiti cha magurudumu kiombeni ndani ya buking, si siku ya safari pale kaunta. Kateni tiketi zenu mbili katika buking moja, kisha ukilazimika kurudi kazini peke yako, wakala anaweza kuigawanya iwe mbili bila kukata tiketi upya.

Mama yangu anatoka Mombasa kwenda Minneapolis kumsaidia dada atakayejifungua mwezi wa tano. Tumkatie kuanzia Mombasa au Nairobi? Na kurudi tuandike baada ya miezi mingapi? – Msomaji, Likoni

Kateni kuanzia Mombasa kama mama atapanda ndege Mombasa kweli. Tunasisitiza "kweli" kwa sababu watu huharibikiwa hapa. Tiketi ya ndege ni mnyororo, na vipande vyake hutumiwa kwa mpangilio ulioandikwa. Mama akiamua kupanda SGR pale Miritini alale kwa ndugu Nairobi, halafu aende JKIA asubuhi akidhani ataendelea na ndege ya Marekani, atakuta hayumo. Hakutokea Mombasa, na mtambo umefuta vipande vyote vilivyofuata pamoja na cha kurudi. Kama anataka kuona ndugu wa Nairobi kwanza, mkatieni kuanzia Nairobi.

Kuhusu miezi, chukueni risiti ya tiketi muitazame kwa karibu. Pembeni ya kila kipande cha safari kuna safu mbili nyembamba ambazo wengi hawazisomi: NVB na NVA. NVB ni tarehe ambayo kabla yake kipande hicho hakifanyi kazi. NVA ni tarehe ambayo baada yake hakifanyi kazi. Pembeni ya kipande cha kurudi NVA ikisomeka 10AUG, basi hakuna ada ya kawaida itakayompeleka mama tarehe 11 Agosti kwa nauli hiyo. Jicho lisogee pia kwenye msimbo wa nauli, ule mkusanyiko wa herufi na tarakimu. Mara nyingi ukiona ndani yake 3M au 6M, ndiyo miezi ya mwisho ya kukaa, na 1Y ni mwaka. Tiketi ya bei ya kutupa mara nyingi ni ya miezi mitatu, na mama wa Kiswahili hamwachi mzazi na kichanga kwa kuhesabiwa siku. Lipieni ya miezi sita au ya mwaka.

Jueni pia kwamba mashirika hufungua kalenda ya kuuza kiasi cha miezi kumi na moja mbele. Mkikata sasa safari ya mbali, tarehe ya kurudi mnayoitaka huenda haijafunguliwa. Mwekeeni ya mwisho inayopatikana, kisha msogeze baadaye.

Akifika Marekani, atakayeamua akae muda gani ni afisa wa uhamiaji uwanjani. Wanaokwenda kutembea kwa kawaida hupewa hadi miezi sita, na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye rekodi iitwayo I-94, ambayo dada anaweza kuichapisha kutoka tovuti ya CBP, idara ya forodha na mipaka ya Marekani. Tarehe ya kuisha iliyo kwenye viza ni ya mwisho ya kuingilia, haihusiani na siku za kukaa. Familia nyingi hukosea hapo: wanaona viza bado ina miaka, wanasogeza tiketi, na mama anapitiliza siku zake bila kujua. Kuongezewa muda huombwa kwa fomu I-539 kabla ya tarehe ya I-94 kupita.

Dada anaweza kukata tiketi akiwa kule. Kwa safari zinazoingia au kutoka Marekani, sheria ya huko inalitaka shirika limpe anayenunua moja kwa moja kwake, siku 7 au zaidi kabla ya safari, saa 24 za kughairi bila kukatwa kitu, au limshikilie nafasi kwa bei hiyo kwa saa 24 bila malipo. Anunue jioni, mjadiliane usiku kucha kwa simu, na kama tarehe haikai vizuri aghairi kabla saa 24 hazijatimia. Kwa tiketi ya wakala sheria hii haimbani.

Na kwa kuwa watoto wengi huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42, mama afike wiki ya 37. Akifika siku ile iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, anaweza kumkuta mjukuu ameshatangulia.

Nataka kumtembelea dada yangu Ujerumani. Ubalozi unataka buking ya ndege. Nilipie tiketi kabla sijapata viza? – Msomaji, Arusha

Usilipe. Kinachohitajika kwenye maombi ya viza ya Schengen, ile inayotumika Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, ni ushahidi wa mpango wa safari, na nafasi iliyoshikiliwa inatosha. Wakala anakuwekea nafasi bila kutoa tiketi, unapata msimbo wa herufi na tarakimu sita. Uingize kwenye tovuti ya shirika ujionee jina lako, kwa sababu nafasi isiyolipiwa ina saa yake ya kufa. Nyingine hudumu siku moja, nyingine siku kadhaa. Iombe nafasi hiyo karibu na siku ya miadi ya ubalozini. Ukiona mtu anauza "buking ya viza" kwa elfu kumi na msimbo wake hauonekani popote, mkimbie. Karatasi ya kughushi inaweza kukunyima viza hii na kukuchafulia zinazofuata.

La muhimu zaidi ni hili: tarehe utakazoandika zinakufunga. Stika ya viza ina sehemu tatu za kusoma, yaani kuanzia lini, mpaka lini, na siku ngapi. Ukiomba kwa buking ya siku 20, unaweza kupewa siku 20 za kukaa, ingawa dirisha la kuanzia na la mwisho likawa refu kidogo kuliko hapo. Ukifika, dada akakubembeleza ubaki, ukalipa ada ukasogeza tiketi wiki tatu, shirika la ndege litakubali kwa furaha kwa sababu viza yako si kazi ya anayebadilisha tarehe. Utakutana na tatizo mpakani wakati wa kutoka. Kwa hiyo kama hujui utarudi lini, omba siku nyingi unazoweza kuzithibitishia fedha, ruhusa ya kazini na mwaliko, chini ya ukomo wa siku 90 ndani ya kila siku 180, kisha rudi mapema ukitaka. Bima ya safari, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000, nayo ifunike siku zote hizo.

Nafanya kazi Muscat. Baba amezidiwa Pemba, nataka kuondoka kesho na sijui nitakaa wiki au mwezi. Kwenda tu, au kwenda na kurudi? – Msomaji, Oman

Mungu amjalie mzee afueni, kaka. Tunajibu kwa ufupi kwa sababu una haraka.

Fungua bei mbili pembeni kwa pembeni. Mashirika ya bei nafuu huuza kila upande peke yake, hivyo kwenda tu ni karibu nusu ya bei yote, na hapo hakuna sababu ya kununua kurudi leo. Kata ya kwenda, ya kurudi utaikata siku utakayoijua. Mashirika makubwa mara nyingi ni kinyume: kwenda tu inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi. Ukiikuta hivyo, nunua ya kwenda na kurudi, na kipande cha kurudi kiandike mwezi mmoja mbele.

Kwa kuwa unakwenda nchi yako, huna haja ya kuonyesha tiketi ya kurudi ukiondoka Muscat. Ukirudi, onyesha kadi ya ukaazi pale kaunta. Kabla hujaondoka hakikisha kadi haiishi ukiwa nje, na ruhusa ya likizo mwombe mwajiri kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Nchi za Ghuba kwa kawaida zinahesabu miezi sita mfululizo nje ya nchi kuwa ukaazi umekatika.

Ukinunua vipande viwili mbalimbali, begi nalo hununuliwa mara mbili. Kulinunua kaunta ni ghali kuliko kulinunua pamoja na tiketi. Na angalia kalenda: siku za kabla ya Idi ndege za kutoka Muscat hujaa, na za kurudi hujaa shule za Ghuba zinapokaribia kufunguliwa. Ukiona msiba au nafuu inaangukia siku hizo, kata ya kurudi mara tu unapopata fununu ya tarehe.

Nilisafiri kwa tiketi ya kwenda na kurudi, nikabaki nilikokwenda. Naweza kumpa mdogo wangu kipande cha kurudi? – Msomaji, Bujumbura

Hapana. Tiketi ina jina lako na haihamishwi kwa mtu mwingine. Unachoweza kudai, hata kama nauli hairudishwi, ni baadhi ya kodi za uwanja ambao hukuutumia. Peleka ombi kwa maandishi kabla tiketi haijafikisha mwisho wa uhai wake. Tozo ya mafuta ambayo shirika lenyewe hujiongezea mara nyingi hairudi. Ghairi kipande hicho kabla ya siku yake, usikiache kipite.

Wakala alinisogezea tarehe ya kurudi, nikalipa, akanitumia buking mpya. Uwanjani nikaambiwa sina tiketi. Nilikosea wapi? – Msomaji, Kampala

Hukukosea wewe, ila kuna hatua moja ilirukwa, na tunataka kila msomaji aijue kwa sababu hutokea mara nyingi.

Buking na tiketi ni vitu viwili. Buking ni nafasi kwenye ndege, ile ya herufi na tarakimu sita. Tiketi ni malipo, nayo ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways. Tarehe inapobadilishwa, kwanza nafasi mpya huwekwa kwenye buking, halafu tiketi hutolewa upya au kipande husika huhuishwa kwa tarehe mpya. Wakala akifanya la kwanza akasahau la pili, au akachelewa mpaka saa za kulipia zikapita, jina lako limo ndani ya ndege ya tarehe mpya, lakini tiketi yako bado inaelekeza ndege ya tarehe ya zamani. Pale kaunta mtambo hauwezi kuvioanisha.

Kwa hiyo baada ya mabadiliko yoyote usiridhike na ujumbe wa "tayari". Dai risiti mpya ya tiketi. Itaonyesha moja kati ya mambo mawili: namba mpya ya tarakimu 13, au namba ileile ikiwa na tarehe mpya mbele ya kipande cha kurudi. Kisha fungua tovuti ya shirika lenyewe, ingiza msimbo na jina la ukoo, uone hali ya safari imethibitishwa na namba ya tiketi imeandikwa. Likionekana jina bila namba ya tiketi, mpigie wakala saa hiyohiyo, si siku ya safari.

Kama wakala hapatikani, nenda ofisi ya shirika mjini ukiwa na stakabadhi ya malipo. Mashirika mengi hukataa kuigusa tiketi ya wakala kabla ya safari kuanza, lakini ukishatumia kipande cha kwanza, mengine hukubali kuisimamia wenyewe, wakati mwingine kwa ada ya huduma. Ndiyo maana kwa safari ambayo tarehe ya kurudi haijulikani tunapendelea tiketi iliyonunuliwa kwa shirika lenyewe, hata ikizidi kwa dola 20, au kwa wakala mwenye ofisi unayoweza kuiingia kwa miguu na namba inayopokelewa Jumapili.